Fimbo za Vunjagoti

Nchi ninayoisimulia siyo hii yetu. Nalisema mapema ili mtu asije akanibishia hodi na faili kwapani. Hii yetu kila mtu anaijua ilivyo, na ndiyo maana mimi sina la kusema juu yake. Ile nyingine iko mbali, ng'ambo ya milima. Ukifika utaitambua kwa mabango ya kumkaribisha kiongozi ambaye ameshaondoka.

Katika nchi hiyo palikuwa na mlima, na ubavuni mwa mlima palikuwa na kijiji, Vunjagoti. Juu kileleni hapakukalika kwa baridi. Chini walishakaa watu wa Bondeni, watu wa tambarare na maringo. Vunjagoti ikabaki imeng'ang'ania katikati kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Nyumba ya juu ilimwaga maji ya vyombo kwenye paa la nyumba ya chini, kwa hiyo jirani wa chini alijua jirani wa juu amekula nini. Ng'ombe walifungwa kamba, si kwa ajili ya wezi, ila wasidondoke. Boga likikatika kikonyo lilifika Bondeni kabla mwenyewe hajamaliza kusema jamani. Watu wa Bondeni walikula maboga mwaka mzima bila kupanda hata mbegu moja, wakawa wanasema ardhi yao ina rutuba.

Njia ilikuwa moja tu. Ilianzia kwenye kiwanja mbele ya zahanati, ikauzunguka mlima, ikapita nyuma ya mwamba mkubwa uitwao Jiwe la Wakwe, kwa sababu mtu akimwona mkwe wake anakuja alijibanza huko, kisha ikapenya migombani na kurudi palepale kiwanjani. Ukienda kwa jirani kwa kulia utafika, kwa kushoto utafika. Tofauti ni nani utamsalimia kwanza.

Kwenye ramani ya serikali kijiji chote hakikuzidi kucha ya kidole kidogo. Mpimaji alieleza kuwa ramani hupima ardhi iliyolala, na mashamba ya Vunjagoti yamesimama.

"Kwani na mtu akisimama hamumpimi?" aliulizwa.

Akakunja ramani yake akashuka.

Kwa mteremko ule hakuna aliyetembea bila fimbo. Mtoto akishapewa jina alikatiwa fimbo, na kila alivyorefuka alikatiwa nyingine, ile ya zamani ikarudi jikoni kuwa kuni. Lakini fimbo ya mwisho, ile mtu aliyofia nayo, haikuchomwa. Iliegemezwa ukutani mwa nyumba yake pamoja na za walio hai, na ilikaa hapo mpaka ukuta wenyewe uanguke. Na jambo la pili: Vunjagoti watu hawahesabiwi. Mbuzi sawa, mikungu ya ndizi sawa. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi atakujibu "wapo", na ukiuliza tena atakutazama kama mtu aliyekuja kuwachukua.

Hayo mawili yakumbuke. Serikali hawakuyajua, na tazama yaliyowapata.

*

Mwaka mmoja serikali iligundua kuwa nchi ina vijiji vingi kuliko mihuri. Kuchonga mihuri ni kazi, kwa hiyo wakaamua kupunguza vijiji. Ikapitishwa Sheria ya Miinamo. Mahali penye watu pungufu ya mia tatu si kijiji, ni mwinamo. Na mwinamo hauna mwenyekiti, hauna bendera, hauna zahanati.

Mwenyekiti Mbonea aliililia bendera. Wanawake waliililia zahanati.

Zahanati yenyewe ilikuwa chumba kimoja na nusu, mzani wa kupimia watoto, kitanda kimoja na Nesi Tumwagile. Nesi alitoka mkoa wa mbali kuja kushika nafasi kwa wiki mbili, na sasa alikuwa na mwaka wa kumi na moja. Kabla yake, mwanamke wa Vunjagoti akishikwa uchungu alifungwa kwenye kitanda cha kamba na kuteremshwa na wanaume sita, saa nne za mteremko, mara kichwa kinatangulia, mara miguu, kulingana na kona. Kuna kona moja inaitwa Kwa Senzia. Senzia hakuwahi kujenga pale.

Huyo Senzia alikuwa mdogo wake Bi Nakijwa. Bi Nakijwa mimi simfahamu sana. Nasikia tu kwamba alisoma mpaka darasa la nne, alikuwa na ulimi, na kwamba kwa umri wake bado alikuwa anatazamika. Mume wake, Mzee Kajiru, alishafariki. Binti yake wa mwisho, Namkunda, alikuwa na mimba ya miezi minane, na Sheria ya Miinamo ikipita juu ya Vunjagoti, Nesi Tumwagile na kitanda chake wangehamia Bondeni, na Namkunda angepita kona ile ile alikoishia mama yake mdogo.

*

Aliyetumwa kuwahesabu aliitwa Bwana Gaitani, Karani wa Watu, Daraja la Pili. Alipoanza kupanda viatu vyake vilikuwa vyeusi. Alipofika nyumba ya kwanza, ambayo ilikuwa ya Bi Nakijwa, vilikuwa rangi ya mlima, na yeye mwenyewe alikaa chini bila kukaribishwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Pumua kwanza."

Akampa maji. Kisha akachukua fimbo moja ukutani akampa. "Shika hii ikusaidie. Ya Mzee Kajiru. Kwa leo haihitaji."

Gaitani akashukuru, akafungua kitabu chake. "Bibi, nyumba hii mko wangapi?"

"Tupo."

"Ndiyo, lakini wangapi?"

"Tunaotosha."

"Watano? Kumi?"

"Sasa unanihesabia watu kama mbuzi wa mnadani, mimi nimekukosea nini?"

Gaitani akatazama fomu. Kulikuwa na kisanduku cha wanaume, cha wanawake, cha redio, cha mabati. Cha wanaotosha hakikuwepo. Alikuwa kijana mwaminifu, asingeweza kuandika asichokiona, na asingeweza kurudi na fomu tupu. Macho yake yakatua ukutani.

"Hizi fimbo ni za nani?"

"Za watu wa nyumba hii."

"Kila mtu na yake?"

"Kila mtu na yake. Hapa hatuazimani, ila wewe kwa kuwa ni mgeni."

"Na fimbo kuzihesabu ni mwiko?"

Bi Nakijwa akautafuta mwiko huo kwa moyo safi. Hakuuona.

"Fimbo hesabu tu."

Akahesabu kumi na nne, akajumlisha na aliyoishika, kumi na tano. "Hii ndefu hivi ya nani?"

"Babu yake mume wangu. Alikuwa mtu mrefu."

"Yuko wapi nimwone?"

"Huko nyuma, migombani."

Gaitani akanyoosha shingo, akaona migomba, na kati yake na migomba akaona ngazi thelathini za udongo. Akaona hakuna haja ya kumsumbua mzee wa watu.

Naomba ieleweke kuwa hapo hapakusemwa uongo. Huko wafu huzikwa migombani, nyuma ya nyumba, wasiwe mbali na mazungumzo. Bi Nakijwa aliulizwa yuko wapi, akasema alipo. Hakuulizwa anafanya nini.

Kufikia jioni Gaitani alikuwa amemaliza kijiji kizima bila kumuudhi mtu, jambo ambalo halijawahi kumtokea karani. Jumla ilikuwa mia sita na kumi na mbili. Akashuka anapiga mluzi, na kwa furaha yake akasahau kurudisha fimbo ya Mzee Kajiru.

Mwalimu Sebughe wa shule ya msingi alikuwa akiijua idadi ya kweli, lakini aliijua kwa siri, kama mwanamume anavyojua umri wa mkewe. Alipoisikia hiyo mia sita alimvuta mwenyekiti pembeni.

"Sisi tuko mia na tisini," akanong'ona, halafu akatema mate chini kuondoa nuksi.

*

Redio ikatangaza kuwa Vunjagoti ndicho kijiji kinachokua kwa kasi kuliko vyote katika Jamhuri. Mtaalamu mmoja akaeleza kuwa sababu ni sera nzuri. Mwingine akasema ni hewa. Halafu ikaja barua yenye mihuri mitatu. Waziri wa Watu, Milima na Mengineyo atapanda yeye mwenyewe kuwapongeza wananchi mia sita na kumi na wawili, na atamshika mkono kila mmoja. Mwishoni, kwa herufi ndogo zile za kupima macho, iliandikwa kwamba wakipungua hata mmoja, hesabu yote itafutwa na Vunjagoti itakuwa mwinamo kuanzia saa hiyo, na muuguzi pamoja na kitanda watashuka na msafara wa Mheshimiwa.

Waziri huyo alikuwa mtu mzoefu. Alianza kuwa Waziri wa Samaki, akaondolewa kwa kelele nyingi. Akarudi kuwa Waziri wa Barabara. Akajiuzulu kwa heshima, akarudi kuwa Waziri wa Samaki na Barabara. Kisha Reli, kisha Mapumziko, na sasa Watu. Kila alipoapishwa redio ilisema serikali imeingiza damu mpya.

Mkutano ukaitwa kiwanjani. Mwenyekiti Mbonea akasimama, akakohoa kikohozi cha uongozi.

"Ndugu zangu, tumehesabiwa kuzidi."

"Tuazime watu Bondeni," akasema mtu.

"Bondeni ndio wanaokitaka kitanda. Watakuja wachache makusudi."

"Ng'ombe tuwafunge vitambaa kichwani," akasema mwingine, "waziri hawezi kutazama kila uso."

"Atawashika mkono upi?"

Nesi Tumwagile alikuwa kakaa mlangoni pa zahanati, mikono mapajani. "Mimi wanihamishe tu," alisema. "Ila huko Bondeni sina mtu wa kugombana naye. Nitakufa kwa ukimya."

"Labda tuseme ukweli," akasema Mwenyekiti. "Twende tuwaambie fimbo nyingine ni za marehemu."

"Watasema tuzichome," akajibu Bi Nakijwa. "Halafu watachukua kitanda vilevile. Wewe Mbonea ulikuwa mmoja wa wale sita mliombeba Senzia. Unataka kumbeba na Namkunda?"

Mwenyekiti akaitazama bendera, akatazama chini. Jogoo wa mtu aliteleza juu ya paa akajifanya ameruka.

"Mimi nilikuwa nauliza tu," akaendelea Bi Nakijwa, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Njia yetu hii, mtu akiondoka hapa kiwanjani anakwenda wapi?"

"Anazunguka mlima."

"Halafu?"

"Anarudi hapa."

"Na akipita nyuma ya Jiwe la Wakwe, anaonekana?"

Watu wakaanza kutazamana. Mzee mmoja akavua kofia yake, akaitazama, akamvisha jirani. Mkutano ukafungwa bila azimio, kama mikutano yote yenye manufaa.

*

Mheshimiwa aliwasili saa sita mchana, magari yakiwa yamekomea Bondeni. Alikuja amebebwa nusu na kusukumwa nusu. Walimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, wakampepea kwa jani la mgomba, na rangi ilipomrudia akasimama kuhutubia.

"Wananchi wa Vunjagoti! Hapa tulipo ni juu. Na juu, ndugu zangu, ni kinyume cha chini. Wapo wanaosema nchi hii inateremka. Mimi nimekuja kwa miguu yangu, nimejionea, inapanda. Serikali yenu iliahidi watu, na leo watu hawa hapa. Tena hatutaishia hapo. Ifikapo mwaka ule tuliousema, kila mlima utakuwa na watu, na kila mtu atakuwa na mlima!"

Wakapiga makofi. Gaitani akasimama kando yake na kimashine cha kubofya, kila mkono mmoja bofyo moja. Mstari ukaanza.

Mimi siku hiyo sikuwepo, nawaelezea tu nilivyosikia. Nasikia nyuma ya Jiwe la Wakwe palikuwa kama mnada wa nguo. Kanga zilivuliwa zikavaliwa, makoti yakageuzwa ndani nje, kitoto kimoja kilipita mgongoni kwa akina mama tisa na kila mara kilipewa jina jipya. Mwalimu Sebughe alipita na miwani, akapita bila miwani, na safari ya tatu akapita amevaa ya mtu mwingine na kumshika mkono mlinzi. Mwenyekiti Mbonea alipita kama mwenyekiti, kisha kama kiziwi, kisha kama mama mkwe wake mwenyewe, na waliomjua marehemu wanasema walishtuka.

Namkunda alikatazwa kuzunguka. Aliketi ndani ya zahanati, dirishani, akiwacheka. Mstari ulipofika kwenye mia tatu na kitu, akaacha kucheka. Mara ukasikika mlio kutoka ndani, mrefu, wa kutoka tumboni.

"Nini kile?" Waziri akauliza.

"Idadi inaongezeka, Mheshimiwa," akasema Nesi Tumwagile, akamwacha na mkono wake hewani akaingia ndani na kufunga mlango.

Bi Nakijwa alisikia mlio ule akiwa upande wa pili wa mlima. Angeweza kukimbilia kwa binti yake. Lakini alijua kwamba kitanda anacholalia binti yake kinashikiliwa na mstari huu. Akavaa koti la mumewe na kofia, akaendelea kutembea.

Alipomfikia Waziri kimashine kilisoma mia nne tisini na nane. Waziri akamshika mkono, asiuachie.

"Mama, mimi na wewe tumeshashikana."

"Huyo ni dada yangu, Mheshimiwa."

"Na yule wa kanga ya kijani?"

"Dada yetu mwingine. Baba alikuwa mtu wa bidii."

Gaitani akainama sikioni kwa Waziri, lakini kwa kuwa alikuwa amekasirika alinong'ona kwa nguvu, kila mtu akasikia. "Mheshimiwa, hawa wanazunguka. Huyu ni mara yake ya tano. Wanabadilisha nguo nyuma ya lile jiwe."

Mstari ukasimama. Ulisimama wote, mpaka nyuma kabisa, ambako mtu mmoja alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye koti na wa pili bado. Ndani ya zahanati Namkunda akalia tena. Mkono wa Bi Nakijwa ulikuwa bado ndani ya mkono wa Waziri.

Waziri akatazama lile jiwe kwa muda. Akatazama zile kofia.

"Gaitani."

"Mheshimiwa."

"Mimi nimeapishwa mara ngapi?"

"Mara sita, Mheshimiwa."

"Na kila nikirudi redio husemaje?"

"Husema damu mpya, Mheshimiwa."

"Basi bofya."

Gaitani akabofya. Waziri akamsogelea Bi Nakijwa karibu, akasema polepole, kama fundi anayemwelekeza fundi mwenzake, "Mama, hiyo kofia ivute mbele kidogo. Mimi huwa navuta mbele."

Walipofika mia sita na kumi na mbili Waziri alikuwa na furaha, akataka waongezeke wengine ishirini kwa ajili ya ripoti. Wakaongezeka. Saa kumi mtoto wa Namkunda akazaliwa, msichana, mwenye sauti ya kufika Bondeni. Msafara ukashuka. Kitanda hakikushuka, kilikuwa na mwenyewe.

*

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna Gaitani.

Waziri alimwambia abofye, akabofya. Lakini huyu alikuwa na ugonjwa wa kujumlisha mambo akiwa peke yake. Baada ya wiki tatu alipanda tena Vunjagoti, hakuna dereva, hakuna kimashine, fimbo ya Mzee Kajiru mkononi na fomu kwapani.

"Shikamoo bibi. Nimerudisha fimbo."

"Marahaba. Umefanya vizuri, nilikuwa naiwaza."

"Bibi, jambo moja limenikataa kichwani. Ninyi mlizunguka mara tatu na zaidi. Lakini fimbo nilizihesabu mwenyewe, mtu mmoja fimbo moja. Kama mko wengi kama fimbo, kwa nini mzunguke?"

Bi Nakijwa akanyanyuka, akamwongoza nyuma ya nyumba, ngazi moja moja, zote thelathini. Migombani palikuwa na vilima vidogo vya udongo, vimezungushiwa mawe, vingine vimeshakuwa tambarare.

"Huyu ndiye mwenye fimbo uliyoshika," akasema. "Kajiru, mume wangu. Yule pale ni babu yake, yule mrefu. Unaona walivyomnyooshea shimo."

Gaitani akakitazama kile kilima, akaitazama fimbo. Akaihamishia mkono mwingine, kana kwamba imekuwa nzito.

"Nimetembea nayo wilaya nzima," akasema.

"Na umefika salama."

Hakucheka. Akakaa juu ya jiwe akafungua fomu. Sheria ilikuwa wazi, hata mimi ningeweza kuisoma: karani akigundua kosa, analisahihisha palepale, na hesabu inashuka ilipopaswa kuwa. Alitoa kalamu. Bi Nakijwa akaangalia ule mkono wenye kalamu.

Huko juu, zahanati, Nesi Tumwagile alikuwa akipima watoto. Mmoja aliwekwa mzanini akaanza kulia, na kwa jinsi mlima ule ulivyo, kilio kikashuka chote kikawaangukia pale walipo.

"Nani huyo?" akauliza Gaitani.

"Mjukuu wangu. Fimbo yake bado hatujakata, tunangoja jina."

Gaitani akasikiliza mpaka mtoto aliponyamaza. Kisha akashusha kidole kwenye fomu, kisanduku kwa kisanduku, akapita wanaume, wanawake, redio, mabati, akafika chini kabisa, mahali ambapo makarani hawafiki. Akaandika kwa mwandiko mzuri, akitamka kila neno. "Kajiru. Mkazi. Hakuwepo nyumbani siku ya kuhesabu." Akaruka mstari. "Huyu anayefuata anaitwa nani, bibi?"

Nikamtajia. Yaani Bi Nakijwa akamtajia. Akamtajia na wa pili, na yule mrefu, na Senzia, na jua likahama kutoka mgomba mmoja hadi mwingine wakiwa bado wanaandika. Walipomaliza ukurasa Gaitani akasita, akageuza karatasi kwenye mwanga.

"Bibi, kuna kisanduku kimoja hapa hakiruhusiwi kuachwa wazi. Wanataka kujua wanatarajiwa kurudi lini."

"Andika hawajasema."

Akaandika.